Muulize Fundi: Nimpeleke Baba Kuwaona Kraftwerk?

SWALI: Shikamoo mjomba Fundi. Mimi nimezaliwa Duisburg, wazazi wangu ni watu wa Tanga. Baba alikuja Ujerumani mwaka 1979, akafanya kazi kwenye kiwanda cha chuma mpaka alipostaafu. Tangu nikiwa mdogo, redio ya gari letu ilikuwa na kaseti moja isiyotolewa: Die Mensch-Maschine ya Kraftwerk, ile bendi ya Ujerumani inayopiga muziki wa mashine za umeme. Tulikwenda nayo shule, sokoni, mpaka likizo Uholanzi. Lakini baba hajawahi kuwaona jukwaani. Zamani hakuwa na nafasi, baadaye akawa anasema mambo hayo ni ya vijana. Sasa wanakuja kupiga karibu na kwetu, nami nataka kumkatia tiketi bila yeye kujua. Kaka yangu ananivunja moyo. Anasema kati ya wale wa zamani amebaki mmoja tu, kwamba ni watu wanne wanaosimama wima saa mbili nzima, wanabonyeza kitufe na muziki unajipiga wenyewe. Tiketi mbili kwangu ni fedha nyingi. Nimpeleke, au nimnunulie spika nzuri asikilizie nyumbani? — Binti Mzee, Duisburg

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mpeleke. Spika utanunua hata mwaka ujao. Ralf Hütter amezaliwa 1946, na ndiye pekee anayeendelea kati ya wawili walioianzisha bendi hii Düsseldorf mwaka 1970. Nafasi ya namna hii, ikija mpaka mlangoni kwenu, haiachwi ipite.

Ila kaka yako nisimpuuze, maana anayoyauliza wanayauliza wengi.

Kwanza, hao wa zamani. Wanne ambao baba yako anawajua kutoka kwenye jalada la kaseti ile, wenye mashati mekundu na tai nyeusi, ni Hütter, Florian Schneider, Karl Bartos na Wolfgang Flür. Flür aliondoka miaka ya themanini ikielekea mwisho, Bartos akafuata 1990. Schneider aliacha 2008, akafariki Aprili 2020. Kifo hicho kiliniuma kama cha mtu wa nyumbani. Ndiye aliyeianza kazi hii na Hütter wakiwa wanafunzi, yeye akipuliza filimbi, na ndiye aliyehangaika zaidi na mashine za kuifanya sauti ya mtu isikike kama inatoka kwenye nyaya. Kwa hiyo ndiyo, aliyebaki ni mmoja. Kama baba yako hajasikia habari ya Florian, mwambie kabla ya siku hiyo. Asije akamtafuta kwa macho jukwaani.

Mimi niliwaona Düsseldorf kwenyewe, Julai 1, 2017, nje, pale Ehrenhof, kwenye yale majengo ya matofali ya mwaka 1926 karibu na mto Rhein. Nilikuwa nimesubiri muda mrefu. Nilifika Köln mwaka 1982 kusomea ufundi wa umeme, na mwenzangu wa bwenini alikuwa na santuri yao ya Computerwelt aliyoinunua mwaka mmoja nyuma. Aliipiga mpaka majirani wakagonga ukuta. Ziara yao kubwa ilikuwa imeshapita: 1981 waliibeba studio yao yote, Kling Klang, wakaipanga jukwaani, na walipofika kwenye wimbo wa kikokotoo waliinama wakawanyooshea watazamaji wa mbele vile vyombo vidogo wabonyeze wenyewe. Baada ya hapo karibu miaka kumi hawakupanda jukwaani. Walipotembea tena 1991 mimi nilikuwa zamu ya usiku na mtoto mchanga nyumbani. Kwa hiyo nampata vizuri baba yako anaposema hakuwa na nafasi.

Siku ile ya 2017 mbio za baiskeli za Tour de France zilianzia Düsseldorf, kilomita 14 za kukimbia mmoja mmoja, na mvua ilinyesha waendeshaji wakateleza na kuanguka. Hütter ni mwendesha baiskeli wa kufa na kupona. Wimbo wao wa Tour de France ulitoka 1983, na mwaka 2003, mashindano yakitimiza miaka mia, wakatoa santuri nzima juu yake. Kwa hiyo jioni ile ilikuwa na maana kwao na kwa mji. Watu walifika na makoti ya mvua, wazee wameshika mikono ya wajukuu. Mlangoni tulipewa miwani ya karatasi ya kuonea picha za pande tatu. Pembeni yangu alisimama mama mmoja wa makamo aliyeivaa juu ya miwani yake ya kawaida, na kila baada ya muda aliivua, akafuta matone kwa ncha ya skafu, akairudisha haraka kama anayeogopa kupitwa na kituo. Baba yako akivaa miwani, afanye hivyo hivyo. Inakaa.

Kilichonishika kwanza ni besi. Nimefunga spika kumbi nyingi, za harusi, za mikutano, za ibada, na najua kinachotokea sauti ikipandishwa: za chini zinaanza kugombana, mzungumzaji haeleweki, kifua kinabanwa. Pale kila noti ya chini ilikuja peke yake, ikagonga mbavu, ikaondoka, ikaacha nafasi. Ungeweza kuzihesabu. Siri yake naijua kwa kazi yangu, na bado ilinishangaza. Nyimbo zao zina vitu vichache mno kwa wakati mmoja: mdundo, besi, wimbo mmoja wa juu, sauti ya mtu. Kila kimoja kimepewa eneo lake, hakuna kinachomkanyaga mwenzake. Kaseti ya gari haiwezi kukupa hilo, na spika nzuri ya sebuleni inakupa robo yake. Baba yako anazijua nyimbo zile kwa moyo, lakini sehemu yake ya chini kabisa nina hakika hajawahi kuisikia.

Sasa hoja ya kitufe. Jukwaani kuna meza nne nyembamba, wamesimama mmoja mmoja nyuma yake, nguo zao za kubana zina mistari inayong'aa. Hütter yuko kushoto kwako. Anaimba yeye, kwa kipaza sauti cha kichwani, na wimbo wa juu anaupiga kwa mkono. Mwaka ule pembeni yake walikuwa Henning Schmitz na Fritz Hilpert, watu waliofanya naye kazi tangu mwanzo wa miaka ya tisini, wao wanaendesha midundo na besi, wanafungua na kufunga sauti. Wa nne, Falk Grieffenhagen, aliendesha picha. Ndiyo, kuna midundo inayojiendesha. Ilijiendesha 1977 pia, kwa mashine waliyotengenezewa Bonn na mafundi wa Matten & Wiechers, iliyokuwa inakumbuka mfuatano wa noti na kuurudia bila kuchoka. Hiyo ndiyo kazi waliyoivumbua. Hawajawahi kumficha mtu. Kumlaumu Hütter kwamba mashine inapiga ni sawa na kumlaumu dereva kwamba injini ndiyo inayovuta gari.

Nilitazama mikono yake kwa makusudi kwenye Das Model. Kile kipande cha kinanda ambacho kila mtu anakijua, alikipiga, na mahali pamoja kidole kilichelewa kidogo nyuma ya mdundo, kikaufikia. Sauti yake imekuwa nzito, imeingia umri, na maneno yale ya 1978 yakawa yanaimbwa na mtu aliyeona mengi tangu ayaandike. Wimbo huo, mwanangu, ulishika namba moja Uingereza mwaka 1982, miaka minne baada ya kutoka. Pale Ehrenhof watu waliuimba kwa sauti ya chini, Kijerumani, wote pamoja, na mimi nikiwemo.

Picha nazo si pambo. Kwenye Autobahn ile Volkswagen ya kobe inatembea barabara ya milimani, na namba yake ya gari ni D-KR 70. Düsseldorf, Kraftwerk, 1970. Kwenye Spacelab chombo kinakuja kutoka angani na ncha ya mlingoti wake inakufikia usoni, utaona safu nzima ya watu wakirudisha vichwa nyuma. Kwenye Radioaktivität yanatokea majina ya mahali palipopata ajali za nyuklia, Chernobyl, Harrisburg, Sellafield, Fukushima, kwa herufi kubwa, na uwanja unanyamaza. Walipoutoa wimbo huo 1975 haukuwa na majina hayo. Chernobyl haikuwa imetokea. Waliyaongeza kadiri dunia ilivyokwenda, na kwangu hilo ni jibu tosha kwa anayesema wanarudia ya zamani tu.

Kisha ikaja Die Roboter. Pazia likafungwa, likafunguka, na pale pa watu wanne wamesimama sanamu wanne wenye mashati mekundu na tai nyeusi, mikono inapanda na kushuka taratibu. Watu wazima walipiga kelele za furaha kama watoto. Mimi niliwatazama wale sanamu nikamwona Florian. Sijui kuisema vizuri zaidi ya hapo. Sura zile zilibeba miaka yote niliyokaa nchi hii.

Mwishoni wanaondoka mmoja mmoja. Kila mmoja anabaki kidogo na vyombo vyake, anachezea sauti apendavyo, kisha anasogea kando, anainama, anatoka. Mdundo unaendelea, unapungua kila anapoondoka mmoja. Wa mwisho ni Hütter. Mwambie kaka yako aje atazame sehemu hiyo, halafu aniambie kama aliona kitufe kimoja.

Mambo ya kupanga: msikae mbele kabisa. Tafuteni katikati, usawa wa meza ya mafundi mitambo, hapo ndipo sauti imepimwa na picha za pande tatu zinasimama vizuri. Simu iacheni mfukoni, kwa kuwa picha ile ikirekodiwa inatoka imejipanda mara mbili, haifai kitu. Magoti ya mtu aliyefanya kazi kiwandani nayajua, kwa hiyo kama ukumbi una viti, lipa ya viti. Nunua na vizibo vya masikio, vya wanamuziki, si vya sponji vya kiwandani alivyovizoea. Vile vinaua sauti za juu na kumwachia mvumo tu. Na kaseti yake ina nyimbo sita. Asikilize zote siku ile ya kwenda, ndani ya gari, kama zamani.

SWALI: Fundi, habari ya Köln? Mimi ni prodyuza, nina studio ndogo Umoja, Nairobi. Nimekuta kipande cha vyuma vinavyogongana kwenye wimbo wa Kraftwerk unaoitwa Metall auf Metall. Ni sekunde mbili tu. Nataka kukikata nikizungushe kwenye biti ya msanii wangu. Wenzangu wanasema chini ya sekunde saba hakuna wa kukushtaki. Ni kweli? — Prodyuza wa Umoja

JIBU: Habari ni njema, ndugu yangu. Katika vipande vyote vya muziki wa Ujerumani umekiokota kile kile kilichozunguka mahakamani kuliko kingine chochote.

Metall auf Metall iko kwenye Trans Europa Express ya mwaka 1977. Mwaka 1997 prodyuza wa Frankfurt, Moses Pelham, alichukua takriban sekunde mbili za mdundo huo, akazizungusha kwenye wimbo wa Nur mir wa Sabrina Setlur. Hütter na Schneider wakaenda mahakamani. Kesi ikapanda, ikashuka, ikapanda tena. Mwaka 2016 Mahakama ya Katiba ya Ujerumani ilimpa Pelham nafuu, ikasema uhuru wa sanaa nao upimwe. Mwaka 2019 Mahakama ya Haki ya Ulaya ikasema kwamba hata kipande kifupi sana kinahitaji ruhusa ya mwenye rekodi, isipokuwa kimebadilishwa mpaka sikio halikitambui. Na hapo kesi haikuisha. Hiyo sheria ya sekunde saba wenzako wameitoa vijiweni. Kenya ina sheria yake ya hakimiliki, na kwa hiyo muulize mwanasheria wa huko kabla hujatoa wimbo, hasa kama utauweka mtandaoni ambako unasikika Ulaya.

Naona pande zote mbili, na moyo wangu uko kwa Pelham zaidi kidogo. Muziki wa vijana duniani ulikua kwa kuchukua vipande. Lakini wewe una njia bora kuliko kukata. Mwaka 1982 mwanamuziki wa hip hop Afrika Bambaataa na wenzake kule New York walitaka wimbo wa Trans-Europe Express na mdundo wa Numbers, zote za Kraftwerk, kwa ajili ya wimbo wao Planet Rock. Hawakukata rekodi. John Robie aliupiga upya wimbo ule kwa kinanda, na midundo ikajengwa kwenye mashine ya Roland TR-808. Ikatoka kitu kipya kilichozaa muziki mzima nyuma yake. Walilazimika kuwalipa Kraftwerk baadaye, kwa kuwa wimbo ni wimbo hata ukiupiga mwenyewe. Mlio wa chuma, hata hivyo, hauna mwenyewe.

Kwa hiyo toka nje ya studio na kinasa sauti. Umoja kuna mafundi wa mageti na majiko ya makaa. Omba ruhusa, rekodi nyundo kwenye bati nene, kwenye bati jembamba, kwenye bomba tupu. Chagua milio mitatu isiyozidi, mmoja wa chini, mmoja wa kati, mmoja wa juu. Punguza mwangwi wa ule wa chini ili usimwingilie besi. Zipange milio hiyo zipishane, usizigonge pamoja.

Usiogope kuunda chombo chako pia. Wolfgang Flür alipojiunga nao 1973 alipewa ngoma za umeme zilizotengenezwa pale pale: sahani ndogo za chuma juu ya ubao, na fimbo za chuma zenye waya. Fimbo ikigusa sahani, mkondo wa umeme unakamilika, mashine ya midundo inatoa mlio. Walionekana nazo kwenye televisheni ya ZDF mwaka huo huo na watu hawakuelewa anapiga nini. Fundi yeyote wa redio Nairobi anaweza kukuundia hiyo kwa siku moja, na mwambie atumie umeme wa betri, asiunganishe na wa ukutani.

SWALI: Hujambo Fundi. Mimi nimezoea taarab na bongo fleva, mwanangu ananiambia hao Kraftwerk ndio babu wa midundo ya siku hizi. Nianzie wapi? Nisije nikaanza na kigumu nikachoka. — Mama Wawili, Mombasa

JIBU: Sijambo, dada. Mwanao ana haki kwa sehemu kubwa. Detroit, Marekani, mtangazaji anayeitwa The Electrifying Mojo aliwapiga sana redioni mwanzo wa miaka ya themanini, na vijana waliokuwa wakimsikiliza, Juan Atkins akiwa mmoja wao, ndio waliounda tekno. Kutoka Detroit na New York midundo hiyo imefika kila mahali.

Anza na Computer World ya 1981, ambayo kwa Kijerumani ni Computerwelt. Ni dakika 34 tu, unaimaliza ukipika wali. Ingia moja kwa moja kwenye Computer Love: kuna wimbo wa kinanda pale, mpole na wenye huzuni, ambao bendi ya Coldplay iliuomba ikautumia mwaka 2005 kwenye Talk. Wewe mwenye sikio la taarab utaupenda, kwa sababu kinanda kinaimba peke yake kwa muda mrefu bila haraka, na mdundo chini unakingoja.

Ukiupenda huo, nenda The Man-Machine, ndiyo Die Mensch-Maschine kwa Kiingereza, kisha Trans-Europe Express. Zile santuri tatu za mwanzo kabisa, za kabla ya 1974, ziache, na wao wenyewe hawakuziweka kwenye mkusanyo wao. Autobahn yenyewe ina dakika zaidi ya 22. Likwepe lile toleo la dakika tatu lililopigwa redioni Marekani mwaka 1975. Subiri siku unayopanda basi au treni ya Nairobi, keti dirishani, weka nzima, uanze kuisikiliza mkishatoka mjini.